Kata ya Tesgüino na Dozi Iliyokatika: Kisa cha Kifua Kikuu katika Sierra Tarahumara

Kuhusu kisa hiki

Mgonjwa ni mwanamume wa Kirarámuri, watu ambao nje ya milima yao hujulikana zaidi kwa jina la Tarahumara. Aliugua kifua kikuu, akaanza dawa, akaacha, akarudi. Jina lake, la mganga wake, la kijiji na mwaka vimeondolewa, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa ili asitambulike. Nakitumia kufundishia wahudumu wa afya kwa sababu karibu kila anayekisoma mara ya kwanza hudhani amemjua mkosaji mapema: mganga na mizizi yake. Zahanati nayo ilidhani hivyo, na dhana hiyo iliifanya isione kilichokatisha dozi.

Mahali na watu

Rarámuri wanaishi katika safu ya Sierra Madre Occidental, jimbo la Chihuahua, kaskazini mwa Meksiko. Sensa ya 2020 ilihesabu wazungumzaji wa lugha yao zaidi ya 90,000. Juu kuna nyanda za misonobari na mialoni, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako theluji huanguka. Chini kuna makorongo yenye joto, mengine yakizidi kina cha mita 1,500. Familia nyingi hutumia sehemu zote mbili: wakati wa mahindi wako juu, baridi ikikaza wanashuka na mbuzi wao, wengine wakikaa kwenye mapango yaliyozibwa kwa ukuta wa mawe. Nyumba zimetawanyika. Kutoka kwa jirani hadi kwa jirani unaweza kutembea nusu saa, na kinachowakutanisha ni kazi za pamoja na tesgüino.

Hapa inabidi nikae kidogo, maana bila tesgüino kisa hakieleweki. Ni pombe ya mahindi. Mahindi huloweshwa, huachwa yachipue gizani, kimea husagwa kwenye jiwe, huchemshwa kwa saa nyingi, kisha hutiwa chachu ya nyasi za porini na kuachwa kwenye mitungi ya udongo. Ni nzito, inashibisha, kilevi chake ni kidogo, na haikai: siku moja au mbili iwe imemalizwa, la sivyo inaharibika. Mwenye shamba la kupalilia hualika majirani, wanapalilia, kisha kata, yaani chombo cha kuchotea na kunywea pombe, inazunguka. Kabla ya mtu yeyote kunywa, pombe hurushwa kidogo kuelekea pande nne kwa ajili ya Onorúame, Mungu aliye Baba. Anayejua mbege inavyofanya kazi Uchagani ameshaelewa nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kwamba huko Sierra hakuna kibarua cha kulipa. Ukijitoa kwenye kata, umejitoa kwenye kupaliliwa.

Mganga wa Kirarámuri huitwa owirúame. Kazi yake kubwa huifanya usingizini: huota, na ndotoni hufuata roho ya mgonjwa ilikokwenda. Mtu ana roho zaidi ya moja, na moja ikishtuka, kwa mfano mtu anapoanguka mtoni, inaweza kunaswa na viumbe wanaokaa majini. Mganga akiipata huirudisha. Matambiko ya mwanamume huenda kwa tatu, ya mwanamke kwa nne, tangu utotoni hadi karamu za kumsindikiza marehemu. Kinyume cha owirúame ni sukurúame, mchawi, ambaye anajua njia zilezile na kuzitumia kudhuru.

Mitishamba, kwa upande mwingine, si siri ya mganga. Kila bibi ana mifuko yake. Katika kisa hiki ilitumika miwili hasa. Wa kwanza ni wasía, ambao kwa Kihispania cha huko ni chuchupate, na kwa wataalamu wa mimea ni *Ligusticum porteri*. Unaota kwenye misitu ya baridi huko juu, mzizi wake una harufu kali kama ya figili, na hutafunwa au kuchemshwa kwa ajili ya kikohozi, mafua na tumbo. Wengine hubeba kipande kifuani kujikinga na nyoka na uchawi. Wa pili ni matarí, au matarique, *Psacalium decompositum*, mzizi wa maumivu ya viungo na wa kisukari, ambao huchemshwa na kunywewa au hulowekwa kwenye kilevi kikali na kuchuliwa mwilini.

Kilichotokea

Mgonjwa alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mke, watoto, na mama mzee nyumbani. Kama wanaume wengi wa huko alikwenda kuchuma matufaa kwenye mashamba ya upande wa Cuauhtémoc, akalala wiki kadhaa kwenye mabweni yenye msongamano wa vibarua. Alirudi Oktoba na kikohozi.

Mama yake alimpa wasía. Kikohozi kilitulia, akalala usiku, akavuna mahindi yake. Desemba, wakati wa kushuka na mbuzi, aliteleza kwenye kijito chenye maji ya barafu na kuzama hadi kifuani. Tangu siku ile alianza kukonda, kutoka jasho usiku na kuota maji. Familia ilijua jina la hali hiyo, ikamwita owirúame. Mganga aliota, akaeleza kwamba roho moja imebaki kijitoni, akamnyunyizia maji, akampitishia moshi, akampulizia utosini, na kusema tiba itahitaji awamu tatu. Baada ya awamu ya pili mgonjwa alitema damu.

Sasa hapa pana jambo ambalo ripoti ya kwanza ya zahanati haikuliandika, na lilijulikana baadaye sana kupitia kwa muuguzi: aliyesema "mpelekeni kwa daktari" alikuwa mganga. Alisema roho anaweza kuirudisha, lakini nyumba yenyewe inavuja, na akirudisha roho kwenye nyumba inayovuja itatoka tena.

Zahanati ilikuwa na daktari mmoja kijana aliyekuwa kwenye mwaka wake wa utumishi wa lazima kabla ya kupata leseni, utaratibu ambao Meksiko inao tangu 1936, na muuguzi mmoja aliyezaliwa hukohuko na kuzungumza Kirarámuri. Makohozi yalipimwa kwa darubini, vijidudu vikaonekana. Februari mgonjwa alianza dozi ya kawaida ya nchi hiyo: dozi 60 za dawa nne kwa pamoja, Jumatatu hadi Jumamosi, zikifuatiwa na dozi 45 za dawa mbili, mara tatu kwa wiki. Kila dozi imezwe mbele ya shahidi. (Mkakati wa kutibu kifua kikuu ambao shahidi huyu ni sehemu yake una asili ya kwetu kuliko wengi wanavyojua. Daktari Karel Styblo aliujenga kwa sehemu kubwa pamoja na mpango wa taifa wa kifua kikuu wa Tanzania ulioanza 1977, kabla Shirika la Afya Duniani halijaueneza katikati ya miaka ya 1990.)

Pamoja na vidonge alipewa makatazo matatu: asinywe pombe hata tone, asichangie chombo na mtu, na asirudi kwa mganga wala asiguse mizizi. Hakuna aliyemwambia kwamba rifampisini, mojawapo ya dawa zile nne, hubadilisha rangi ya mkojo.

Asubuhi ya pili alikojoa kwenye theluji. Theluji ikawa ya rangi ya chungwa iliyoiva, karibu na wekundu. Alimwita mkewe aje aone. Mkewe aliifukia kwa mguu haraka, kabla watoto hawajafika. Kwa mtu aliyekwisha kutema damu, na ambaye anajua kwamba duniani kuna sukurúame, rangi ile ilikuwa na maelezo yake tayari. Hata hivyo aliendelea kumeza, kwa sababu mganga ndiye aliyemtuma kule.

Mnamo Machi viungo vilianza kuuma, magoti na vifundo, jambo ambalo pirazinamidi, nyingine ya dawa zile nne, hulifanya mara nyingi. Mama akatoa matarí, akachemsha, akampa vikombe viwili kwa siku. Zahanati haikuambiwa. Ingeambiwaje, na mizizi imekatazwa?

Kisha ikaja Juma Kuu. Kwa Rarámuri hilo ni juma la ngoma, maandamano na mitungi mingi ya tesgüino. Mgonjwa alikwenda, akakaa pembeni na kikombe chake cha plastiki kitupu, akaeleza kwamba amekatazwa kunywa na kwamba kata yake inaambukiza. Watu walielewa sehemu ya pili kuliko ya kwanza. Wiki iliyofuata aliomba msaada wa kulima. Hakuna aliyekuja. Akaacha vidonge, akanywa, akalimiwa.

Maamuzi ya mwanzo na sababu zake

Ni rahisi kumcheka daktari yule, nami sipendi darasa linapofanya hivyo. Makatazo yake matatu hayakuwa na uzito sawa, na tatizo ni kwamba yalitolewa kana kwamba yana uzito sawa.

Katazo la pombe lilikuwa na msingi. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zinaweza kuumiza ini, na pombe huongeza hatari hiyo. Katazo la mizizi lilikuwa na msingi nusu. Wasía kwa kiasi cha kikohozi haikuwa na sababu ya kuogopwa sana, ila haina ushahidi wa kuua bakteria wa kifua kikuu ndani ya mwili wa mtu. Matarí ni habari nyingine. Iko kwenye kundi la mimea linalojumuisha senecio, na ndani ya kundi hilo wamo kadhaa wenye sumu kali za ini, mmojawapo ukiwa *Packera candidissima*, ambao pia hutumika kama dawa katika Chihuahua. Mtu anayemeza dawa tatu nzito kwa ini asinywe chai ya mmea wa ukoo huo kila siku.

Katazo la kuchangia chombo halikuwa na msingi wowote. Kifua kikuu husafiri kwa hewa, na hewa mbaya zaidi katika maisha ya mgonjwa huyu haikuwa kwenye kata bali kwenye pango lililozibwa kwa mawe, moto ukiwaka, watu sita wamelala wamebanana. Daktari alirudia alichowahi kusikia. Nimesikia maneno hayohayo kwenye zahanati za huku kwetu, na kikombe cha mgonjwa kimetundikwa peke yake ukutani kama ushahidi wa kesi.

Na katazo la mganga lilitokana na kutojua kwamba rufaa ilitoka kwake.

Mazungumzo ya Mei

Muuguzi ndiye aliyekwenda. Hakwenda kwa mgonjwa, alikwenda kwa mganga, na hakuanza na kifua kikuu. Alipalilia kitunguu cha mzee hadi adhuhuri, wakala pinole, unga wa mahindi yaliyokaangwa, iliyokorogwa kwenye maji, ndipo mzee akauliza mwenyewe kama yule kijana wa kijitoni bado anavuja.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa siríame, kiongozi wa jamii. Walikuwepo daktari, muuguzi kama mkalimani, mganga, mgonjwa, mkewe na mama yake. Daktari, kwa sifa yake, aliuliza badala ya kueleza. Aliuliza familia inanywa nini, kiasi gani, kwa ajili ya nini. Mama mzee alitoa mifuko yake, akaipanga chini mmoja mmoja. Ndipo daktari alipoona matarí, akaelewa pia kwamba dawa zake mwenyewe ndizo zilizoleta maumivu ya viungo.

Waliyokubaliana yalikuwa haya. Wasía ibaki, kwa ajili ya koo na kifua, lakini isihesabiwe kuwa dawa ya ugonjwa wenyewe. Matarí isinywewe tena mpaka dozi iishe. Ilowekwe na kuchuliwa magotini, jinsi ambayo mama alikuwa akiijua tayari, kwa hiyo hakuonekana kunyang'anywa kitu. Awamu ya tatu ya tiba ya roho ifanyike siku ileile ambayo vidonge vinaanza upya. Kuhusu rangi ya mkojo, daktari alimeza kiburi chake na kumwomba mganga aeleze. Mganga akasema ni alama kwamba dawa imeingia na inatoka, na siku mkojo ukiwa mweupe wakati wa dozi, muuguzi aambiwe. Kipimo hiki, kwa bahati njema, wataalamu wa kifua kikuu nao wanakitumia.

Lililobaki ni pombe, na hilo lilichukua muda mrefu kuliko mengine yote kwa pamoja. Daktari alitaka kutokunywa kabisa. Mgonjwa alisema wazi kwamba Julai ni palizi, na asiponywa hatapaliliwa, na asipopaliliwa watoto hawatakula. Hakuna aliyekuwa na jibu la hoja hiyo. Mganga ndiye aliyetoa njia: mke atatengeneza tesgüino na kualika kama kawaida. Mgonjwa atapokea kata, atairushia pande nne, ataigusa mdomoni, kisha ataikabidhi kwa kaka yake ambaye atakunywa sehemu yake hadi mwisho wa dozi. Mganga mwenyewe atatangaza kwamba mtu huyu yumo ndani ya tiba. Siríame aliongeza kwamba Jumapili, kwenye nawésari, hotuba anayowapa watu wake, atasema kwamba kikohozi hiki hakikai kwenye kata, kinakaa kwenye hewa ya nyumba iliyofungwa.

Kwa kuwa dozi ilikuwa imekatika zaidi ya mwezi mmoja, sampuli ya makohozi ilipelekwa mjini kuoteshwa ili kupima usugu. Majibu yalirudi baadaye: hakuna usugu. Dozi 60 zilianza upya kutoka moja.

Matokeo

Palizi ya Julai ilifanyika. Walikuja watu wachache kuliko miaka ya nyuma, lakini walikuja. Mgonjwa alikiri kwa muuguzi kwamba mara mbili tatu kata haikufika kwa kaka yake. Macho hayakuwa manjano, yaani hapakuwa na dalili ya ini kuumia, akaendelea. Agosti alihamia dozi za mara tatu kwa wiki. Shahidi akawa mkewe, kwa sababu kutembea hadi zahanati kuliondoa nusu ya siku ya kazi. Mkataba huo haukuwemo kwenye mwongozo. Dozi za mwisho za Novemba alizimezea korongoni, amekwisha kushuka na mbuzi, vidonge vikiwa kwenye mfuko uleule wa kitambaa wenye wasía. Makohozi ya mwisho hayakuwa na vijidudu.

Lakini nyumba hii haikutoka salama. Wakati zahanati ikibishana kuhusu mizizi kuanzia Februari hadi Mei, hakuna aliyewapima watoto, wala wadogo kuanzishiwa isoniazidi ya kinga. Binti mdogo alikutwa na kifua kikuu mnamo Juni. Alitibiwa akapona. Mama mzee, mwenye mifuko ya mizizi, alifariki kabla ya baridi kuisha. Alikuwa akikohoa, hakuwahi kutoa makohozi ya kupimwa, na hakuna anayeweza kusema alikufa kwa nini.

Uchambuzi

Nikiwapa wanafunzi kisa hiki na kuwataka wapigie mstari mahali dozi ilipokatika, wengi hupiga kwenye matarí au kwenye awamu za mganga. Ukifuata tarehe, unaona kwamba mizizi haikumtoa kwenye dawa hata siku moja. Alimeza vidonge na matarí kwa pamoja wiki nzima nzima. Mkojo wa rangi ya chungwa ulimtisha, haukumtoa. Kilichomtoa ni shamba kutolimwa, na shamba halikulimwa kwa sababu ya makatazo mawili ya zahanati, moja likiwa la kweli na lingine la uongo. Zahanati ilielekeza nguvu zake kwenye imani wakati tatizo lilikuwa kibarua.

Wasía inastahili lawama ndogo, nayo ni ya aina yake. Ilifanya kazi. Ilituliza kikohozi cha Oktoba vizuri kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kutembea hadi zahanati, na pengine wiki kadhaa zilipotea hapo. Dawa ya dalili inayofanya kazi ina hatari hiyo popote, iwe mzizi wa Sierra au sharubati ya duka la dawa Kariakoo. Swali la kumuuliza mgonjwa si kama ametumia mitishamba bali ametumia kwa muda gani, na kikohozi kimerudi lini. (Jambo la pembeni: mzizi huu huuzwa pia kwenye masoko ya mijini, na ukichimbwa mmea kwa kawaida umekwisha. Mabibi wa huko husema siku hizi wanatembea mbali zaidi kuupata.)

Kushirikiana na mganga kulifaulu, ila sipendi jinsi jambo hili linavyosimuliwa kwenye semina, kana kwamba mganga "alitumika" kumpeleka mgonjwa kwenye dawa za kweli. Hakutumika. Yeye ndiye aliyetoa rufaa ya kwanza, na ndiye aliyetatua suala la kata, ambalo daktari mwenye digrii hakuweza. Katiba ya Meksiko, kifungu cha 2 kama kilivyorekebishwa 2001, ilitaka huduma za afya zitumie ipasavyo tiba ya jadi. Katika zahanati hii kifungu hicho kilikuwepo kwenye bango ukutani, na mganga hakuwahi kuvuka mlango wake hadi Mei.

Suluhisho la kaka kunywa kwa niaba halikuwa safi kitabibu, na daktari alilikubali akijua hivyo. Nadhani aliamua sawasawa: pombe kidogo ya kuibia yenye dozi kamili ilikuwa hatari ndogo kuliko utawa wa wiki tano ukifuatiwa na kuacha. Pale ambapo siwezi kumtetea ni watoto. Kupima waliolala naye pango moja hakukuhitaji maridhiano na mtu yeyote, kulihitaji siku moja ya muuguzi mnamo Februari.

Daktari aliondoka mwaka wake ulipoisha. Aliyemfuata alikuta faili lenye dozi 105 zilizotiwa alama ya vema na neno "amepona". Habari za kata, kaka, matarí na nawésari hazikuwemo. Fomu haina sehemu ya kuziandika. Anazo muuguzi, kichwani, na kila daktari mpya anayekuja inabidi ampeleke mwenyewe kwa mzee.